Mikopo ya stashahada iwafikie na wanafunzi wa ustawi wa jamii

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie fedha za masomo kwa vijana wanaotaka kusomea ustawi wa jamii, kazi niliyoifanya hadi nilipostaafu. Kila dirisha la maombi ya mikopo linapofunguliwa, vijana wa mtaani kwetu hunijia na bahasha zao za vyeti wakiuliza waanzie wapi, na wengi wao huanzia ngazi ya cheti au stashahada kwa kuwa matokeo yao ya kidato cha nne ndiyo yaliyowafikisha hapo. Kwa bahati mbaya, ngazi hiyo ndiyo yenye msaada haba kuliko nyingine zote katika taaluma hii.

Anayesoma shahada ana unafuu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, humpokea mwombaji wa ustawi wa jamii kama inavyompokea mwombaji mwingine mwenye uhitaji, na miongoni mwa mafungu ya mkopo wake limo la mafunzo kwa vitendo. Hata posho ya chakula na malazi ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/2023, kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mikopo ya stashahada ilipoanza mwaka 2023/2024, hata hivyo, fani zilizotajwa zilikuwa afya na sayansi shirikishi, ualimu wa masomo ya sayansi na ufundi, usafirishaji, uhandisi wa nishati, madini na sayansi ya ardhi, pamoja na kilimo na mifugo. Ustawi wa jamii haukuwamo. Nao Ufadhili wa Samia, ulioanza 2022/2023, ulilenga wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri katika masomo ya sayansi, ambao si hawa ninaowazungumzia.

Sipingi kwamba nchi inawahitaji mafundi wa vifaa tiba na wataalamu wa fiziotherapia. Ninachouliza ni nani atakayekaa na mgonjwa anayehitaji fiziotherapia hiyo pale kwenye dirisha la malipo anaposema hana fedha. Katika hospitali zetu za umma, anayemhoji mgonjwa asiye na uwezo, akachunguza hali ya nyumbani kwake na kupendekeza msamaha wa matibabu, ni afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka watu wasio na uwezo watambuliwe ili wagharamiwe, na utambuzi huo hauwezi kufanywa kwa haki na mtu asiyejua kuisoma kaya. Mahakamani nako, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa afisa huyohuyo kazi ya kuandaa taarifa za uchunguzi wa kijamii ambazo hakimu huzitegemea katika mashauri ya malezi, matunzo na ya watoto waliokinzana na sheria. Ikiwa kazi hizi zimo ndani ya sheria zetu wenyewe, ni vigumu kueleza kwa nini anayesomea kuzifanya asihesabiwe katika vipaumbele.

Mzigo wenyewe si ada peke yake. Mwanafunzi wa ustawi wa jamii hawezi kuhitimu bila kwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na fildi yake mara nyingi iko mbali na chuo na mbali na kwao: halmashauri, hospitali ya rufaa, makao ya watoto au mahabusu ya watoto. Atapanga chumba mahali asipo na ndugu, atalipa nauli ya kutembelea kaya kijijini na msimamizi wake, na atahitaji mavazi ya heshima ya kuingia nayo mahakamani. Mwanafunzi wa shahada ana walau fungu lake kwa ajili hiyo. Wa stashahada hutegemea mzazi aliyekwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya muhula wa kwanza.

Miaka ya nyuma miradi ya wafadhili, hasa ya watoto yatima na walio katika mazingira hatarishi, ilileta fedha nyingi katika eneo hili, lakini nilivyoona mimi sehemu kubwa ilikwenda kwenye mafunzo mafupi, semina na posho za hotelini. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, hata kile kidogo kilichobaki si cha kukitegemea tena.

Wakati tukisubiri sera ibadilike, wazazi na vijana wajue kwamba maombi mengi hukwama kwenye nyaraka. Mwaka mmoja nilimsaidia binti wa jirani aliyefiwa na mama akiwa kidato cha pili. Familia ilikuwa imehifadhi kwa uangalifu kibali cha mazishi, wakiamini kuwa ndicho cheti cha kifo, wala hakuna aliyewahi kwenda ofisi ya wilaya kusajili kifo chenyewe. Tulipoanza kufuatilia, ikabainika pia kuwa jina la mama kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto liliandikwa la nyumbani na kwenye kibali likaandikwa la ubatizo, kwa hiyo tukahitaji kiapo cha kulinganisha majina kabla ya lolote. Mambo hayo huchukua wiki nyingi, ilhali dirisha la mikopo halimsubiri mtu. Mwenye mtoto kidato cha nne aanze sasa: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, vyeti vya vifo vya wazazi vikatwe, na kaya iliyomo katika mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaozisaidia kaya maskini, itunze namba yake, kwa sababu namba hiyo ni ushahidi wa uhitaji. Ada ya maombi ya Bodi hulipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali (control number). Anayekutaka umtumie fedha kwenye simu yake binafsi ili "akusukumie" jina lako ni tapeli.

Aliye kazini na anayetaka kujiendeleza atazame Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako mwanafunzi anaweza kulipia masomo kidogo kidogo kadiri anavyoyachukua. Kwa shahada ya uzamili milango ni mipana kuliko wengi wanavyodhani. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hulipia mwaka mzima wa masomo, ila hutaka mwombaji awe na saa 2,800 za kazi, ambazo ni kama miaka miwili. Upo pia mpango wa Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, wa ustawi wa jamii kwa familia na watoto, unaoviunganisha vyuo vya Lisbon, Stavanger na Gothenburg pamoja na Makerere cha hapo Uganda. Nashangaa kwamba maofisa wetu vijana wengi hawajawahi kuusikia, ilhali mmoja wa washirika wake ni jirani.

Narudi kwenye ombi langu kwa Bodi na kwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Mwongozo ujao wa mikopo ya stashahada uutaje ustawi wa jamii kwa jina lake, hata kama kwa kuanzia itakuwa kwa wale tu waliotoka kaya za TASAF au waliolelewa katika makao ya watoto. Hilo likishindikana kwa mwaka huu wa fedha, basi litengwe fungu dogo la fildi pekee, lipitie chuoni na lilipwe kabla mwanafunzi hajaondoka kwenda kituoni, si baada ya kurudi. Halmashauri nazo, ambazo huwapokea wanafunzi hawa na kuwapa mafaili halisi ya kushughulikia, zingeweza angalau kuwapatia malazi katika nyumba za watumishi zilizo wazi. Katika wilaya nilizofanyia kazi, nyumba za namna hiyo hazikukosekana.

Wako katika kazi,

Afisa ustawi wa jamii mstaafu,
Morogoro.