Taja fildi, usihesabu baiti

Mkomani, Lamu

Shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Natumai hapo Malindi wote hamjambo na mama goti limeshampa nafasi. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Kaskazi imeshika, wageni wamejaa, na jioni kupata boti ya kurudi kutoka Shela ni kazi ya kusukumana.

Barua yako nimeipata, kuhusu ile programu yako ya BPF (programu ndogo inayoendeshwa ndani ya kerneli, kiini cha Linux) inayokataa kupakiwa kwenye seva ya hoteli, pamoja na ule mstari uliounakili kwa wino mwekundu: `invalid func unknown#195896080`. Unasema umeitafuta fankisheni ya namba hiyo mchana kutwa. Hutaiona, kwa sababu haipo. Igeuze namba hiyo iwe ya heksa (msingi wa 16) utapata 0xbad2310, alama ambayo libbpf, maktaba inayopakia programu za BPF, huipachika makusudi pale inapoikosa fildi (sehemu yenye jina ndani ya data ya kerneli) uliyoiomba. Haiikatai programu yako yote papo hapo. Huiharibu ile amri moja tu, kisha humwachia verifaya wa kerneli, mkaguzi wa programu kabla hazijaendeshwa, aamue. Ikiwa amri hiyo iko kwenye njia isiyopitwa kamwe, verifaya huitupa na programu inapakiwa salama. Ikiwa inapitwa, ndipo unapochapiwa huo mstari. Libbpf za sasa hukuandikia waziwazi ni fildi gani iliyokosekana, kwa hiyo isasishe hiyo uliyo nayo kabla ya lolote.

Fildi yenyewe ni `state` ndani ya `task_struct`, strakti (fungu la fildi) ambamo kerneli huweka habari za kila mchakato. Programu uliiandikia kwenye Debian 11, yenye kerneli 5.10, ili uone mchakato upi umekwama kwenye D, hali ya kungoja isiyokatizwa, ukingojea diski. Seva ya hoteli ina Ubuntu 22.04, yaani 5.15. Kati ya hizo mbili, kwenye 5.14 ya mwaka 2021, `state` iliitwa `__state`, na aina yake ikatoka `long` ikawa `unsigned int`. Wala haikuwa bahati mbaya: walibadili jina kusudi, ili kila mahali ndani ya kerneli palipoigusa fildi hiyo pavunjike, paonekane, na parekebishwe. Wewe umevunjikiwa pamoja nao. Kerneli hujitahidi mno isivunje programu za kawaida zinazopita kwenye syscall, mlango rasmi wa kuiomba kerneli kazi, lakini kuhusu strakti zake za ndani haijamwahidi mtu chochote.

Sasa nije kwenye jedwali lako. Unataka uandike kila toleo la kerneli na ofseti zake (baiti ambapo kila fildi inaanzia), programu iangalie iko toleo gani kisha ichukue namba inayostahili. Shoga, achana nalo. Toleo peke yake haliamui ofseti. `task_struct` imejaa `#ifdef`. Anayejenga kerneli akiwasha chaguo hili na kuzima lile, fildi zinasogea huku toleo limebaki lile lile. Kuna hata kerneli zinazojengwa na RANDSTRUCT, ambayo huzichanganya fildi kusudi ili mshambuliaji asijue kitu kiko wapi, na hapo hata kerneli mbili za toleo moja hazitafanana. Halafu namba ya toleo yenyewe si ya kuaminiwa sana. RHEL 8 (Linux ya Red Hat) hujiita 4.18, ila wamerudishia ndani yake mambo mengi ya BPF ya matoleo ya baadaye. Ni kama mgeni ahesabu hatua kutoka dakani mpaka chooni kwetu, kisha apeleke hesabu hiyo nyumba ya pili: ataishia kisimani. Nyumba zote mbili zina daka, zina choo, ila ukuta wa kila mmoja ulijengwa na fundi wake. Angeuliza tu choo kiko wapi.

Ushauri wa yule kijana wa ofisini kwenu, wa kutumia BCC, zana nyingine ya kuandikia BPF, una akili zaidi, ila una gharama yake. BCC hubeba kompaila, Clang na LLVM, hadi kwenye seva, na programu yako inakompailiwa pale pale kila inapoanza, kwa heda (faili zinazoeleza strakti) za kerneli ile ile inayoendesha mashine. Ofseti zinatoka sahihi, hilo halina ubishi. Lakini heda lazima ziwe zimewekwa, na kwenye seva nyingi hazipo, au zipo za kerneli ya kabla ya apdeti iliyopita. Na kile kishindo cha CPU na memori wakati wa kukompaili kinatokea kwenye mashine hiyo hiyo unayotaka kujua kwa nini imeelemewa. Mimi seva ninazoziangalia huku nyingine ni vikompyuta vidogo kwenye nyumba za wageni, vinatumia intaneti ya bando. Kuvishushia LLVM nzima siko tayari.

Njia ninayoitumia ni ya tatu, CO-RE (kompaili mara moja, endesha popote), na wewe tayari umo ndani yake nusu. Kerneli iliyojengwa na CONFIG_DEBUG_INFO_BTF hubeba maelezo ya aina zake zote, yaitwayo BTF. Chaguo hilo lilikuja na 5.2 mwaka 2019, na kuanzia 5.4 maelezo yenyewe unayakuta kwenye `/sys/kernel/btf/vmlinux`. Kila strakti imo, kila fildi, jina lake, aina yake na iko baiti ya ngapi. Zamani maelezo ya namna hii yalikuwa ya DWARF, umbizo la kutafutia hitilafu, mazito mno kuyabeba kwenye mashine ya kazi. Andrii Nakryiko, ambaye ndiye aliyeisimamisha CO-RE, alipoandika namna ya kuondoa yaliyojirudia, alionyesha DWARF ya kerneli nzima ya megabaiti 124 ikishuka kuwa BTF ya megabaiti 1.5 hivi. Ndiyo sababu leo inawezekana kuiacha ndani ya kerneli bila mtu kulalamika.

Kompaila ikikutana na `t->__state` kwenye kodi yako, huandika ofseti ya mashine yako, lakini pia huacha kumbukumbu pembeni: hapa palikuwa na ombi la fildi `__state` ya `task_struct`. Libbpf inapopakia programu kwenye seva husoma kumbukumbu hiyo, huiangalia BTF ya kerneli iliyopo, na kuisahihisha namba kabla verifaya hajaiona. Faili moja uliyokompaili Malindi inakwenda kila mahali. Kwako ilishindikana kwa sababu jina lenyewe limebadilika, na jina ndilo CO-RE inalolishikilia kwanza.

Dawa yake ni hii:

```
struct task_struct___zamani {
    long state;
} __attribute__((preserve_access_index));

if (bpf_core_field_exists(t->__state)) {
    hali = BPF_CORE_READ(t, __state);
} else {
    struct task_struct___zamani *z = (void *)t;
    hali = BPF_CORE_READ(z, state);
}
```

Zile alama tatu za chini ndizo zenye siri. Libbpf hulikata jina kuanzia hapo, kwa hiyo `task_struct___zamani` kwake ni `task_struct` tu. Strakti yako ya zamani haihitaji kuwa na fildi nyingine hata moja. Unaandika ile unayoitaka basi, nafasi yake itatafutwa. Na hilo swali la `bpf_core_field_exists` hujibiwa wakati wa kupakia, likageuka kuwa 1 au 0 iliyokauka, hivyo verifaya anajua mapema njia ipi imekufa. Ile 195896080 yako itakuwepo bado, ila kwenye njia isiyopitwa. `vmlinux.h` yako itoe kwenye ile Ubuntu, si kwenye Debian, ili `__state` iwemo:

`bpftool btf dump file /sys/kernel/btf/vmlinux format c > vmlinux.h`

Na ukitaka kubagua kerneli, bagua kwa kuuliza fildi ipo au haipo. Namba ya toleo iwe ya mwisho kabisa.

Mpaka hapo umbo limekwisha. Linalonitia wasiwasi kwenye kodi yako ni maana, na hapo BTF haikusaidii kitu. Umeandika `if (hali & 2)` ndiyo iwe alama ya D. Ni kweli 2 ni TASK_UNINTERRUPTIBLE, lakini nyuzi za kerneli zinazojilalia bila kazi nazo zina biti hiyo hiyo, zikiwa zimeongezewa TASK_NOLOAD, na `ps`, amri ya kuorodhesha michakato, huzionyesha kama I. Kwa kodi yako ilivyo, kila seva itaonekana ina michakato chungu nzima iliyokwama, na mwenye hoteli atakimbilia kununua diski mpya bure. Chuja hizo kwanza. Biti zenyewe ni `#define`, na `#define` haziingii kwenye BTF wala `vmlinux.h`, itabidi uziandike kwa mkono kutoka kwenye heda, na uwe unazikagua mwenyewe kila wanapotoa toleo jipya.

Mbaya kuliko hiyo ni `utime`, fildi ya muda wa CPU ambao mchakato umetumia, ambayo nimeona umeipanga kwa awamu ya pili. Kabla ya 4.11 ya mwaka 2017, kwenye mashine zetu za x86 fildi hiyo kwa kawaida ilihesabiwa kwa jifi, yaani mapigo ya saa ya kerneli. Tangu hapo ni nanosekunde. Jina ni lile lile, na kwenye mashine ya biti 64 ukubwa ni ule ule, baiti 8. CO-RE itaisoma bila kunung'unika. Kwa CONFIG_HZ ya 250 (mapigo 250 kwa sekunde), sekunde moja ya CPU kwenye kerneli kuukuu itasomeka 250, na kwenye mpya 1,000,000,000. Unasema ile seva ya duka la Watamu bado iko kwenye 4.9. Hiyo haina BTF yake yenyewe. Lazima uipelekee faili ya BTF kutoka nje, na mradi wa BTFHub unazo nyingi za kerneli za zamani. Ukiisha kuipata, hapo ndipo utakapohitaji namba ya toleo kweli, uisome kwa `uname -r`. Au mwambie mwenye duka aboreshe mashine. Mimi ningeanza na hilo la pili.

Kitu kidogo kingine: `BPF_CORE_READ` hairudishi kosa. Ukifuata pointa kwa pointa, mfano `BPF_CORE_READ(t, real_parent, tgid)`, na moja katikati ikawa tupu, utapewa 0 na programu itaendelea kama kawaida. Hali ya 0 kwenye `__state` ni mchakato unaokimbia. Kwa hiyo sifuri usiiamini mpaka ujue imetokaje.

Usidhani tabu hii ni ya Linux peke yake. Kwenye BSD za zamani, mifumo mingine ya ukoo wa Unix, `ps` ilikuwa ikisoma memori ya kerneli moja kwa moja kupitia maktaba ya libkvm, na mtu akibadilisha kerneli akasahau kuijenga upya `ps`, anachapiwa upuuzi mtupu. Ndiyo maana mambo mengi huko yalihamishiwa kwenye sysctl, njia rasmi ya kuiuliza kerneli. Linux nayo ina `/proc`, faili ambamo kerneli yenyewe hutoa habari zake, na nakuuliza kwa nia njema: kwa hizo seva ndogo ambazo unataka tu ripoti kila dakika, kwa nini usisome `/proc/PID/stat` ukalala? Herufi ya hali iko pale, D kwa D na I kwa I. BPF iweke kwa ile hoteli kubwa, ambako michakato inakwama nusu sekunde na kuachia kabla hujaiona.

Kabla hujaanza kubadilisha kodi nitumie matokeo ya `uname -r` na `ls -l /sys/kernel/btf/vmlinux` kutoka kila seva, ile ya Watamu ikiwemo. Nikishaona ipi ina BTF na ipi haina, nitakuambia zipi unaweza kuzipelekea faili hiyo moja wiki hii. Binamu yangu anakuja Malindi Alhamisi kwa basi la asubuhi. Nimempa halua na ile flashi yako, yenye mfano mzima unaokompaili.

Nisalimie mama na watoto wote.

Wako,
Mwanahalima