Insha za wanafunzi zipate wasomaji

Mhariri,

Nimesahihisha insha za Kiswahili kwa miaka tisa, na mwanzo wa nyingi naujua kabla sijafungua daftari: "Nilirauka macheo, majogoo yakiwika na ndege wakiimba nyimbo tamutamu." Mtoto anaandika hivyo kwa sababu msomaji wake ni mmoja tu, naye ameshika kalamu nyekundu.

Muhula uliopita nililifungulia darasa langu la Gredi ya 8 blogu. Msichana mmoja akaandika kuhusu bibi yake anayesuka mikeka "ya kupendeza machoni". Daftarini ningempa alama nzuri, basi. Siku mbili baadaye mamake mdogo aliye kazini Doha akauliza chini ya makala: "Ukili anauanza kwa miyaa mingapi siku hizi? Rangi bado anachemsha mwenyewe?" (Ukili ni utepe wa kushonea mkeka, na miyaa ni majani yanayousuka.) Mtoto hakuwa na jibu. Jioni alikaa barazani na bibi, akahesabu miyaa mmoja mmoja, akauliza rangi inakaa jikoni muda gani, kisha akaandika upya aya nzima. Sikumwagiza. Mimi nimeandika "toa maelezo zaidi" pambizoni mara zisizo na idadi, na sikumbuki mwanafunzi aliyeirudia kazi kwa hiari yake.

Sasa nimetakiwa kusitisha. Uongozi wa shule unahofia picha za watoto na maneno ya watu wasiojulikana. Hofu hiyo ni ya haki, lakini dawa yake ipo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto; basi tuiombe. Kwetu hakuna picha za nyuso, hakuna majina kamili, na kila maoni yanapita kwangu kabla ya kuonekana.

Kupiga marufuku ndiyo njia rahisi. Mwaka 2012 huko Scotland, Martha Payne, mtoto wa miaka 9, alikuwa na blogu ya kuandika kuhusu chakula cha mchana cha shuleni: picha ya sahani, alama kati ya 10, hata idadi ya matonge. Baraza la eneo lake likamkataza kupiga picha. Watu wakalalamika kwa nguvu, na baraza likaliondoa katazo lile upesi. Wasomaji wake walichanga zaidi ya pauni 100,000 za kulisha watoto shuleni, na jiko la shule likajengwa Malawi. Yote yalianza kama zoezi la mtoto kujifunza kuandika.

Najua bando ni ghali na si kila nyumba ina simu ya kutosha. Wanafunzi wangu huandika kwanza kwenye karatasi, kisha huchapa kwa zamu kwenye simu yangu. Ilhali vishikwambi ambavyo serikali ilianza kusambaza shule za msingi mwaka 2016, hapa kwetu vimefungiwa kabatini.

Mtaala wa umilisi umekwisha kumpa mwalimu jukumu la kutathmini kazi shuleni. Wizara itamke wazi kwamba makala ya blogu ni kazi halali ya kutathminiwa, ili mwalimu asionekane mkaidi kwa kuijaribu, na makabati yafunguliwe.

Fomu za ridhaa nimeshazikusanya, wazazi 38 kati ya 41. Nasubiri ruhusa tu.

Mwalimu wa Kiswahili,
Kwale