Damu kuganda mapafuni: hesabu kabla ya skani

Mhariri,

Si kila anayehema ghafla apelekwe skani ya CT, yenye mionzi na gharama. Kama presha haijashuka, daktari ahesabu kwanza alama za Wells (pointi za dalili na historia ya mgonjwa, zinazokadiria uwezekano wa damu kuganda mapafuni). Zikiwa 4 au chini, apime damu D-dimer (mabaki ya damu iliyoganda inapovunjika). Ikiwa chini ya mikrogramu 500 kwa lita, skani haihitajiki. Kosa ni kutumia kikomo hicho kwa wazee, ambao D-dimer yao hupanda kwa umri tu. Baada ya miaka 50, zidisha umri kwa 10: wa miaka 78, kikomo ni 780. (Vikomo hivi ni vya FEU, kizio kimoja cha D-dimer; maabara nyingine hutumia kizio cha DDU, ambacho tarakimu zake ni takriban nusu ya FEU. Tafadhali someni karatasi ya majibu!) Alama zikizidi 4, msingoje D-dimer: skani mara moja, na dawa ya kuzuia kuganda ianze kabla ya picha, mradi hakuna hatari kubwa ya kuvuja damu.

Madaktari wa dharura,
Nairobi