Mdogo wangu, hiyo ripoti inakungoja

Mdogo wangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu siku hizi hupokei. Unajua nitasema nini: hizo gemu unazocheza kazini.

Kwanza nikutoe wasiwasi: sina ugomvi na gemu. Tetris yenyewe, ile gemu ya kupanga matofali yanayoanguka, ilizaliwa kazini, mwaka 1984, pale Alexey Pajitnov alipoitengeneza kwenye kompyuta ya taasisi ya utafiti aliyokuwa ameajiriwa mjini Moscow. Mwaka 1990 Microsoft nao wakatia karata za Solitaire ndani ya Windows 3.0, na watu wakazitumia kuzoea kipanya. Wakazoea, wakanogewa. Mwaka 2006 meya wa New York, Michael Bloomberg, alimfukuza kazi mtumishi wa jiji baada ya kuona karata hizo kwenye skrini yake. Kwa hiyo wewe si wa kwanza, na huenda bosi wako naye anazo.

Ila nimekuchunguza. Siku ya kujibu barua pepe au kujaza fomu, unapiga kazi vizuri tu. Ni siku ya ripoti, ile usiyojua ianzie wapi, ndipo unaposema “raundi moja tu, nichangamshe akili.” Unafungua faili. Unaandika kichwa cha habari, unakikoleza, unakipeleka katikati, unakirudisha kushoto. Kisha kidole kinajiendea chenyewe. Mtu akipita nyuma yako, unabonyeza Alt na Tab kuficha gemu, jedwali limejaa skrini na uso umeukunja kama mhasibu aliyepotelewa na risiti.

Timothy Pychyl na Fuschia Sirois, waliotafiti sana tabia ya kuahirisha mambo, wanasema mara nyingi mtu haahirishi kwa kutojua kupanga muda. Anakimbia karaha anayoipata akiikabili kazi yenyewe. Kwako naona ndivyo. Gemu inakujibu papo hapo: umeshinda, umeshindwa, anza upya. Ripoti unaihangaikia wiki nzima, na jibu lake huenda likawa lawama. Ndiyo maana kuifuta gemu hakukusaidia. Uliifuta, ukahamia kwenye simu.

Mimi nadhani kinachokutisha ni zile takwimu zisizolingana, ambazo uliahidi utazirekebisha na hujui kosa liko wapi. Basi mwandikie bosi leo, umwambie hazilingani, umwulize utumie zipi. Atanuna, lakini angalau utajua unaandika nini. Aya ya kwanza iandike hovyo tu, hakuna atakayeiona kabla hujaisafisha.

Gemu icheze ukishatoka kazini. Sasa hivi hata utamu wake huupati, maana sikio moja liko mlangoni muda wote.

Shemeji na watoto wasalimie. Nipigie jioni, lakini si kabla hujautuma huo ujumbe kwa bosi.

Kaka yako