Tuwapige picha ndege wa Mida na Sokoke bila kuwafukuza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na wenzangu wanaokuja katika hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa Kaunti ya Kilifi, kutafuta ndege wa kupiga picha. Nawaona kila msimu wa kaskazi, wengine wakiwa vijana wa Mombasa na Nairobi walionunua lenzi zao kwa akiba ya miezi mingi, na nafurahi kuwaona, kwa kuwa kwa muda mrefu shughuli hii ilidhaniwa kuwa ya wageni peke yao. Hata hivyo, njia ambayo wengi wao huitumia kumpata ndege, yaani kumpigia sauti yake kwa simu na spika mpaka ajitokeze, au kumwendea kwa miguu mpaka aruke, inawaumiza ndege walewale wanaowapenda, na isitoshe haileti picha nzuri.

Nianze na Mida, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza baada ya kukosea. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa nikiteremka ufuoni saa yoyote niliyopata nafasi, nikiwaona ndege mbali kwenye matope natembea kuwaelekea, nao wanaruka, nami nawafuata tena, na jioni narudi nyumbani na picha za mikia. Siku moja mzee mvuvi aliyekuwa akishona wavu wake kando ya mikoko aliniita, akaniuliza, "Mwanangu, mbona wawafukuza nao wanakula?" Akanieleza kwamba maji yakianza kujaa yatawasukuma ndege wenyewe hadi karibu na pale alipoketi, na kwamba nikikaa chini kimya watanipita bila kunijali. Nilikaa, na ikawa hivyo. Tangu siku ile, kabla ya kutazama kama betri ya kamera imejaa, natazama kwanza mwezi.

Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji katika pwani yetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji yakijaa na kupwa kidogo tu, saa hizo hugeuka, na kila siku maji huchelewa takriban dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Ndani ya hori huchelewa zaidi kidogo, kwa kuwa lazima yapite kwanza mlangoni. Mwenye kuyajua haya hana haja ya kumfuata ndege. Alasiri ya bamvua, maji yanapoanza kushuka, ndege waliokuwa wamebanana kwenye vipande vichache vya nchi kavu hurudi matopeni kula, na wakati huo jua limekwisha kulegea na mwanga ni laini. Mtu anaweza kuketi pale saa nzima asipige hata picha moja, kisha katika dakika kumi akapata picha ambazo mwenzake anayewakimbiza hatazipata kwa wiki nzima.

Kosa kubwa hufanyika maji yanapokuwa yamejaa kabisa. Ndege wamesimama pamoja, hawali, wanapumzika, na kwa jicho la mpiga picha kundi lile linaonekana kama limepangwa kwa ajili yake. Anawasogelea hatua kwa hatua, wanaruka wote, anapata picha ya mabawa mengi angani, na mwenzake naye anataka ya kwake. Nimeona kundi moja likirushwa mara nne katika alasiri moja. Tukumbuke ni ndege gani hawa. Chekehukwa wadogo tunaowaona hapa, wenye mdomo uliopinda, wamezaliwa Siberia, kaskazini kabisa mwa Urusi, na ikifika Aprili watalazimika kurudi huko kwa mafuta waliyoyaweka mwilini kwa kula katika matope yetu. Kila wanaporuka bila sababu, wanayachoma mafuta hayo. Ndege mla kaa, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye ndiye anayewavuta wengi Mida, huzalia katika visiwa vya Ghuba ya Uajemi na vya Bahari ya Shamu, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu. Anatujia kutoka pande zilezile yalikotoka majahazi ya kaskazi, na kiumbe anayelea kinda mmoja kwa mwaka hana akiba ya kupoteza.

Msituni tatizo ni sauti. Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, ndio kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki, na wapo ndege wanaopatikana humo na katika sehemu nyingine chache mno duniani. Bundi wa Sokoke ni mmoja wao. Wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966; urefu wake hauzidi sentimita 18, huishi katika vichaka vya miti ya mfunda kwenye udongo mwekundu, na mbali na hapa anajulikana katika sehemu chache tu, kama vile vilima vya chini vya Usambara Mashariki, Tanzania. Mchana hulala katika tawi la chini, mara nyingi dume na jike wakiwa bega kwa bega, na rangi yao ni ya majani makavu hasa, hata unaweza kupita mita mbili usiwaone. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa bundi akilia juu ya paa analeta msiba. Kwamba leo watu wanasafiri siku nzima kumtazama bundi mdogo kiasi hiki ni jambo linalonifurahisha mno, na ndiyo maana inaniuma kuona anavyotendewa.

Ndege anayesikia sauti ya mwenzake katika eneo lake huamini kuwa amevamiwa. Anaacha kula, anaacha jike na mayai, anatoka mafichoni na kuzunguka akimtafuta mvamizi ambaye hayupo, huku mwewe naye akimwona. Akifanyiwa hivyo mara moja huenda asidhurike. Lakini ndege mashuhuri hapigiwi mara moja, kwa kuwa kila kikundi kinachofika kinataka picha ileile. Bundi naye akishtuliwa mchana kwa kutikisiwa tawi au kumulikwa kwa fleshi, huhamia penye mwanga, na ndege wadogo humzingira na kumsumbua mpaka jioni.

Njia ya halali ipo, na ni tamu zaidi. Ingia msituni saa kumi na mbili asubuhi, kwa maana ikifika saa tatu mwanga umekuwa mkali na ndege wamenyamaza. Katika sehemu ya msitu yenye miti ya mirihi simama mahali pamoja, kwa sababu ndege wa huko hutembea kwa makundi ya aina mbalimbali, na kundi likikufikia utawaona chozi wa Amani na wenzake juu ya kichwa chako, na dakika chache baadaye hawapo tena. Mchukue mwongozaji wa hapa. Vijana wetu wanaofanya kazi hiyo wanajua kila kichaka, wanamtambua ndege kwa sauti kabla ya kumwona, na ada unayowalipa hupeleka unga nyumbani. Vivyo hivyo kwa Mida, ambako kiingilio cha daraja la mbao lililopita kati ya mikoko huchangia karo za wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu na hori.

Nawasihi Shirika la Huduma za Misitu (KFS) na Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS), wanaousimamia msitu huu kwa pamoja, waweke langoni bango la Kiswahili linalokataza wageni kuwapigia ndege sauti zilizorekodiwa, na wawape waongozaji uwezo wa kumwambia mgeni "hapana" bila kuhofia kukosa malipo.

Nawe, Mhariri, nina ombi kwako. Picha ya bundi au ya kiota ikiletwa katika chumba chako cha habari, andika jina la ndege na jina la msitu, lakini usiandike njia wala kichaka, na kabla ya kuiweka mtandaoni hakikisha imeondolewa taarifa za mahali ambazo simu nyingi huzihifadhi ndani ya picha yenyewe.

Mpiga picha,
Gede, Kilifi