Ndiyo ya Mjomba

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na mama umpe zake. Swali lako limenifika na kicheko chake: hiyo isimu ya sheria unayosoma, ya kuchunguza lugha ya mahakamani na polisi, utailia ubwabwa? Sijui, shoga. Ngoja nikwambie kilichonitia humo.

Unamkumbuka Mjomba wa Pangani, aliyekuwa akitukemea tukiparamia minazi yake? Ile kesi aliyoshindwa tukiwa sekondari, nimepata jalada lake, nimelisoma mara tatu. Mjomba anaapa kwamba alitamka hivi: "Nilimwuzia minazi." Wewe mtu wa pwani, unajua mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mtu hununua miti akaangua nazi zake, udongo usimhusu. Lakini kumbukumbu za baraza lile la ardhi ziliandikwa Kiingereza, na humo imeandikwa kwamba aliuza shamba la minazi. Hilo "shamba" halikutoka kinywani mwake.

Ukurasa wa pili yake ndio ulioninyima usingizi. Wakili anauliza: hukupokea pesa ya ardhi? Jibu: ndiyo. Basi, neno moja. Kwetu anayesema ndiyo anakubaliana na muulizaji: ndiyo, sikupokea. Kwa Kiingereza, "ndiyo" hiyohiyo inageuka kuwa nilipokea. Nilipomsomea Mjomba barazani kwake aliweka kikombe chini, akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyeandika. "Si niliwaambia sikupokea?"

Kumbe Waingereza wenyewe hawajasalimika. Kuna kijana wa London, Derek Bentley, alinyongwa Januari 1953 akiwa na miaka 19. Polisi walisema maelezo yake ameyatoa kwa maneno yake mwenyewe, wao waliandika tu. Miaka mingi baadaye mwanaisimu Malcolm Coulthard akayapitia, akakaa na neno dogo kabisa, lile la kwao la "kisha". Lilikuwa limejaa mno, tena limewekwa nyuma ya "mimi", mahali ambapo raia wa kawaida halipeleki ila askari anayeandika ripoti. Hukumu ilifutwa 1998. Mwenyewe alikuwa kaburini zamani! Mimi nikisoma hayo nasikia hasira, halafu nakumbuka kwamba huku kwetu mwandishi hakuandika tu bali alitafsiri pia, papo hapo, na huku shahidi anaendelea kusema.

Najua utaniambia habari ya kesi ya Adan ya 1973, maana huko Chuo cha Uongozi wa Mahakama mnaikariri kama dua. Mshtakiwa asomewe shtaka kwa lugha anayoielewa, na jibu lake liandikwe karibu kabisa na maneno yake. Sawa. Lakini "karibu" ya nani, kama maneno ni ya Kiswahili na kalamu ni ya Kiingereza?

Tangu sheria ilipobadilishwa 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, nami nilifurahi kama wengine. Sasa nakwenda Mahakama ya Mwanzo kila Jumanne, nakaa benchi la nyuma na daftari langu. Huko Kiswahili kimetumika miaka yote, ila usidhani mambo ni laini. Wiki iliyopita mama mmoja alitoka ameshika khanga mdomoni. Karani alikuwa ametangaza kwamba kesi ya mwanawe itarudi tarehe 14 kwa kutajwa. Akanivuta mkono: "Mwanangu, watamtaja kwa lipi tena? Si wameshamtaja la kwanza?" Nikamweleza kwamba kutajwa ni kesi kuitwa tu kuangaliwa imefikia wapi, hakuna shtaka jipya wala shahidi. Alikaa chini pale pale kwenye ngazi, akacheka hadi machozi.

Msimamizi wangu anataka niandike kuhusu hukumu. Mimi nataka niandike kuhusu ndiyo. Tutavutana, ila nadhani nitamshinda.

Una kazi moja: waulize walimu wenu wa zamani, waliokuwa mahakimu, walikuwa wakiandikaje jibu la swali la kukanusha. Waliandika "ndiyo" tupu, au walimwuliza mtu tena? Usiwaambie ni la kesi ya Mjomba.

Na ukishuka Tanga usije mikono mitupu, niletee mapeasi ya Lushoto. Yasiyoiva sana, yasije yakapondeka kwenye basi.

Wako,
Zuhura