Waandaaji wa mikutano, toeni ankara moja kwa kundi

Ndugu Mhariri,

Enzi za posta, mwaliko wa mkutano wa kitaaluma ulikuja na fomu. Mwajiri aligonga muhuri, akaambatisha hundi moja, na majina yote yakaorodheshwa kwenye barua ya kusindikiza. Waliolipia benki walituma stakabadhi kwa faksi. Karatasi ya faksi hufifia, hivyo aliyejua mambo alifika mapokezi na fotokopi mkononi. Mambo yalikwenda taratibu, lakini hundi moja ilitosha watu kumi.

Leo mtu hujisajili mtandaoni kwa dakika tano, na tangu GePG, mfumo wa serikali wa kupokea malipo kwa njia ya kielektroniki, ilipoanza mwaka 2017, ada zinazokusanywa na taasisi za serikali Tanzania hulipwa kwa kumbukumbu namba yenye tarakimu 12. Ni hatua njema, kwani pesa huonekana zilikoingia na stakabadhi ya kughushi haina nafasi. Kinachoumiza ni pale kila mshiriki anapopewa namba yake. Mhasibu wa taasisi yenye washiriki kumi huandaa malipo kumi. Akijumlisha yote kwenye namba moja iliyofungwa kwa kiasi maalumu, malipo hukataliwa. Akichelewa, namba huisha muda na kuombwa upya, pengine kwa ada kubwa zaidi.

Na kuchelewa si uzembe. Mtumishi huandika dokezo, huambatisha ankara kifani (ankara ya awali inayoonyesha kiasi cha kulipa), husubiri idhini ya afisa masuuli, yaani msimamizi mkuu wa fedha za taasisi, kisha kasma, yaani fungu la bajeti, ikaguliwe kama ina fedha ndipo malipo yaingizwe MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini. Mkutano wa Septemba ukifunga ada ya mapema tarehe 30 Juni, mwajiri anayetegemea bajeti inayoanza 1 Julai ameshakosa punguzo hata kabla ya kuandika dokezo.

Naomba waandaaji watoe ankara moja kwa kundi, yenye namba moja ya malipo na orodha ya majina. Uhai wa namba uwe siku 60. Na ukomo wa ada ya mapema usogezwe hadi katikati ya Agosti.

Jingine ni majina. Fomu nyingi zina nafasi mbili tu, ilhali daftari la bodi ya taaluma, inayosajili wanataaluma, lina majina matatu. Majina yasipolingana, alama za mafunzo endelevu ambazo mwanachama hupata kwa kuhudhuria mkutano hazimfikii. Fomu ianze na namba ya usajili wa bodi, jina lijijaze lenyewe kutoka kwenye daftari.

Mhasibu,
Dodoma